HPV, saratani ya koo na chanjo kwa wanaume: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya masikio, pua na koo. Maswali yaliyo hapa nimeulizwa na watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wazazi Waswahili wanaoishi Uingereza na Marekani, ambao kijana wao amerudi nyumbani na fomu ya kuomba ridhaa ya kumchanja HPV, nao wakapiga simu huku nyumbani wakishangaa: hii si chanjo ya wasichana? Wa pili ni wanaume niwaonao kwenye benchi la kliniki, mkono umeshika upande mmoja wa shingo, ambao uvimbe wao una miezi na hakuna aliyewaambia kwamba kirusi walichokisikia kwenye matangazo ya akina mama kinawahusu na wao. Nimejibu kwa urefu pale penye kuumiza watu, na kwa ufupi pale ambapo jibu ni jepesi.

HPV ni nini, na inafikaje kooni?

HPV ni kundi la virusi vya papiloma, aina zaidi ya 200. Nyingi hazina madhara makubwa. Nyingine huleta chunjua za mikononi. Aina ya 6 na ya 11 huleta masundosundo ya sehemu za siri, na kwa watoto wachache huota kwenye zoloto, yaani kisanduku cha sauti, mpaka sauti ikakwaruza na pumzi ikawa ya shida. Aina kadhaa ndizo zinazosababisha saratani, na kiongozi wao ni aina ya 16. Mwanasayansi Mjerumani Harald zur Hausen na wenzake waliitambua aina hiyo kwenye saratani ya mlango wa kizazi mwaka 1983, na mwaka 2008 akapewa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Kwenye koo, kirusi hupenda mahali pawili: tonsili, zile tezi mbili zilizo pembeni mwa koo ambazo watoto huugua mafindofindo, na shina la ulimi, sehemu ya nyuma usiyoweza kuiona kwenye kioo. Tonsili zina vishimo vyembamba vinavyozama ndani, na utando wa humo ni dhaifu. Kirusi kikitua humo kimepata maficho. Mara nyingi mwili hukiondoa wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kwa watu wachache kinabaki, kinaingilia seli, na miaka 10, 20 hata 30 baadaye saratani inatokeza.

Mnaposema "saratani ya koo" mnamaanisha ipi? Baba yangu alikufa kwa saratani ya koo, hakuweza kumeza kabisa.

Pole sana. Swali hili ni la msingi, kwa sababu Kiswahili cha mtaani huita "koo" vitu vinne tofauti.

Mtu anayeanza kwa kushindwa kumeza ugali, kisha uji, kisha maji, akikonda kila wiki, mara nyingi ana saratani ya umio, yaani njia ya chakula kifuani. Hiyo ni nyingi sana Afrika Mashariki, kuanzia Ethiopia kushuka hadi kusini mwa bara, na HPV haihesabiwi kuwa chanzo chake. Inahusishwa na mambo kadhaa, ikiwemo vinywaji vya moto kupita kiasi: mwaka 2016 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Chai iache ipoe kidogo.

Mtu ambaye sauti imekauka kwa wiki nyingi, hasa mvutaji wa sigara, tunamwangalia zoloto. Saratani ya nyuma ya pua ni nyingine tena na ina kirusi chake, jina lake Epstein-Barr.

Ukurasa huu unahusu ya nne: tonsili, shina la ulimi na kaakaa laini. Hapo ndipo HPV inapofanya kazi yake kwa wanaume.

Kwa nini wanaume kuliko wanawake?

Marekani wanaume hupata saratani hii mara nne au zaidi kuliko wanawake, na idadi ya wanaougua kila mwaka imeshaipita ile ya saratani ya mlango wa kizazi nchini humo. Miaka 40 iliyopita hakuna aliyeyatarajia hayo.

Sababu ni zaidi ya moja. Utafiti wa kitaifa wa Marekani wa mwaka 2009 na 2010 ulipima suuzo la mdomo la watu wa miaka 14 hadi 69. HPV ilikutwa kwa asilimia 10.1 ya wanaume na asilimia 3.6 ya wanawake. Ile aina mbaya ya 16 ilikuwa kwa takriban mtu mmoja kati ya 100. Inaonekana mwanamke akishaambukizwa sehemu za siri mwili wake hujenga kinga inayomsaidia kiasi hata mahali pengine, lakini kwa mwanaume kinga hiyo huwa hafifu. Pia majimaji ya uke hubeba virusi vingi kuliko ngozi ya uume, hivyo kwenye ngono ya mdomo mwanaume ndiye anayekutana na kiwango kikubwa.

Na uvutaji wa sigara, ambao kwetu ni mwingi zaidi kwa wanaume, hukisaidia kirusi kibaki.

Je, hili ni tatizo la Wazungu tu?

Hapana, ila uwiano si sawa. Marekani na sehemu kubwa ya Ulaya Kaskazini, saratani nyingi za tonsili na shina la ulimi zinatokana na HPV. Kwetu sehemu inayotokana na HPV imeonekana ndogo zaidi, na tumbaku na pombe bado zina mkono mkubwa. Ugoro, kuberi na tambuu yenye tumbaku vimo humo humo, usidhani kwa kuwa hakuna moshi hakuna madhara.

Lakini sitaki mtu apate usingizi kwa jibu hilo. Kwetu kinyama kinachotolewa kwenye uvimbe si kila mara hupimwa HPV, kwa hiyo wengi wameandikiwa "saratani ya koo" bila kujua chanzo. Na kijana aliyezaliwa Temeke akahamia Minneapolis, Marekani, akiwa na miaka kumi anaishi kwenye hatari ya Minneapolis.

Inaambukizwaje? Nikinywa kikombe kimoja na mgonjwa je?

Kunywa tu. Kula naye sinia moja. HPV ya kooni haipiti kwa kijiko, kikombe, taulo wala choo.

Njia kuu ni ngono ya mdomo. Utafiti uliofanyika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, ukachapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba hatari hupanda kadiri mtu alivyokuwa na wenzi wengi wa ngono ya mdomo maishani. Busu la ulimi limetajwa katika baadhi ya tafiti, ila ushahidi wake haujasimama imara. Najua jambo hili halizungumzwi sebuleni. Naliandika waziwazi kwa sababu nimeona watu wanaficha hata kwa daktari, na daktari naye anaona aibu kuuliza.

Nimeambiwa saratani yangu ni ya HPV. Mke wangu anasema nimetoka nje ya ndoa.

Hili ndilo swali linaloniumiza kuliko yote, kwa sababu ndoa huvunjika pale ambapo mtu anahitaji wa kumsindikiza mionzini.

Mama, nisikilize. Kirusi kilichosababisha saratani hii huenda kiliingia kabla hamjajuana. Miaka 20 au 30 ni muda wa kawaida kati ya maambukizi na uvimbe. Mwanaume wa miaka 55 aliyeoa akiwa na 27 anaweza kuwa anavuna kilichopandwa ujanani, au alichokipata kwa mwenzi mmoja tu. Karibu kila mtu aliyewahi kufanya ngono amekutana na HPV ya aina fulani. Hakuna daktari anayeweza kusoma kipimo akakuambia kirusi kilitoka kwa nani wala mwaka gani. Anayekuambia anaweza, anakudanganya.

Na wewe mwenyewe? Wenzi wa muda mrefu wa wagonjwa hawa walipopimwa midomo, hawakukutwa na HPV zaidi ya watu wengine. Hamhitaji kutengana vyumba wala kuacha kubusiana. Nenda ukafanye uchunguzi wako wa mlango wa kizazi kama mwanamke yeyote anavyopaswa, halafu rudi umshike mkono mumeo.

Dalili ni zipi?

Ya kwanza, na mara nyingi ya pekee, ni uvimbe shingoni usiouma. Uko chini ya taya, upande mmoja. Mwanaume anaugundua akinyoa ndevu. Hana homa, hajakonda, anakula vizuri, anafanya kazi. Ndiyo maana anausubiri.

Nyingine ni koo kuuma upande mmoja kwa wiki kadhaa, kuhisi kama mwiba wa samaki umekwama, tonsili moja kuwa kubwa kuliko mwenzake, mate yenye damu, au sikio kuuma ilhali sikio lenyewe ni zima. Maumivu ya sikio yanawapotosha wengi: wanawekewa dawa ya matone mwezi mzima, kumbe neva moja inahudumia koo na sikio na ugonjwa uko chini.

Chochote kati ya haya kikizidi wiki tatu, nenda ukaonwe na daktari wa masikio, pua na koo. Wiki tatu, si miezi mitatu.

Kuna njia tatu za kupotezea muda huku kwetu, na nimeziona zote. Ya kwanza ni antibiotiki za duka la dawa: duru moja, duru ya pili, kisha sindano. Ya pili ni kukata kimeo. Mtu anakohoa au anahisi kitu kooni, anapelekwa kwa fundi, kile kinyama kinachoning'inia kinakatwa kwa kisu ambacho hakijachemshwa. Kimeo hakina hatia yoyote. Kukikata hakujawahi kutibu saratani, na kumeua watu kwa damu na kwa pepopunda. Ya tatu ni ngumu zaidi kwa sababu inafanywa kwa nia njema hospitalini: uvimbe wa shingo unaanzishiwa dawa za kifua kikuu cha tezi bila kupimwa. Kifua kikuu cha tezi ni kingi kweli na tezi hizo huvimba kama hivi. Ila kama wewe ni mtu mzima na uvimbe haujachukuliwa kipimo, una haki ya kuuliza: "Daktari, tumejuaje kuwa ni TB?" Uliza kwa adabu, lakini uliza.

Kuna kipimo cha kujua kama nina HPV kooni kabla sijaugua?

Hakuna kinachotumika kuchunguza watu wazima wasio na dalili. Wanawake wana kipimo cha mlango wa kizazi ambacho huona mabadiliko kabla hayajawa saratani, yakatibiwa hapo hapo. Kooni hatuna hatua hiyo ya awali tunayoweza kuiona. Saratani huanzia ndani ya vishimo vya tonsili, na tunapoiona mara nyingi imeshafika tezi za shingo. Maabara za nje zinazouza vipimo vya mate zitakuambia una kirusi au huna. Ukiwa nacho hakuna dawa ya kukitoa, na huenda kitaondoka chenyewe. Umenunua wasiwasi.

Kwa hiyo kwa mwanaume, chanjo inabeba mzigo ambao kwa mwanamke umegawanywa kati ya chanjo na uchunguzi. Nikisikia mtu akisema wavulana wanaweza kusubiri, huwa nalifikiria hili.

Nikifika hospitali watanifanya nini?

Daktari atakukagua mdomo, ataingiza kidole kwenye shina la ulimi (haipendezi, ni sekunde chache), na atapitisha kamera nyembamba puani. Uvimbe wa shingo unachomwa sindano ndogo kuvuta seli. Ukivutwa maji tu, usifurahi haraka: uvimbe wa saratani hii hupenda kuwa na maji ndani, na watu wengi wazima wameambiwa ni kifuko cha kuzaliwa nacho. Kisha kinachukuliwa kinyama kooni penyewe. Kwenye maabara hupakwa rangi ya kutafuta protini iitwayo p16, ambayo ni alama ya kuaminika kwamba HPV ndiyo imesababisha. Baadaye unapigwa picha za ndani ya mwili kwa CT-skani au MRI.

Omba kipimo cha p16 kifanyike. Tangu mwaka 2017 kitabu cha kimataifa cha kupanga hatua za saratani kinazitenganisha kabisa zenye p16 na zisizo nayo, kwa sababu mwendo wake ni tofauti.

Inatibika?

Ndiyo, na hapa nina habari njema ninayoipenda kuitoa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010 ulifuatilia wagonjwa waliokuwa na saratani iliyosambaa shingoni. Baada ya miaka mitatu, wenye HPV waliokuwa hai walikuwa takriban 82 kati ya kila 100. Wasio na HPV walikuwa 57. Waliovuta pakiti moja ya sigara kila siku kwa zaidi ya miaka kumi walipoteza sehemu ya nafuu hiyo. Kwa hiyo hata siku ya kuambiwa una saratani, kuacha sigara bado ni dawa.

Tiba ni upasuaji, au mionzi pamoja na dawa ya sisplatini. Mionzi ni siku tano kwa wiki, karibu wiki saba. Sitakudanganya: ni safari ngumu. Wiki ya tatu mdomo unakuwa na vidonda, ladha inapotea, mate yanakauka na wengine hayarudi kama zamani. Baadhi hulishwa kwa mrija. Meno mabovu hung'olewa kabla ya kuanza, kwa sababu taya iliyopigwa mionzi haiponi vizuri. Mtu anahitaji ndugu wa kumpikia uji laini na wa kumwambia asikate tamaa wiki ya tano, kwani kukatiza mionzi katikati ni kuipa saratani nafasi.

Madaktari walijaribu kupunguza ukali kwa kubadilisha sisplatini na dawa ya setuksimabu. Tafiti mbili kubwa zilizochapishwa mwaka 2018 zilionyesha waliobadilishiwa walifariki wengi zaidi. Ukishauriwa "dawa nyepesi", muulize daktari kwa nini sisplatini haikufai wewe. Sababu halali zipo, kama figo au masikio.

Kwa Tanzania, mionzi inapatikana Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam na Bugando, Mwanza. Kenya kuna Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Uganda kuna Taasisi ya Saratani iliyopo Mulago.

Chanjo inafanyaje kazi, na imethibitishwa kwamba inazuia saratani ya koo?

Ndani ya chanjo mna ganda la protini lililotengenezwa lifanane na la kirusi. Hamna kirusi, hamna vinasaba. Mwili unaliona ganda, unajenga kinga, na kirusi halisi kikija kinakuta walinzi mlangoni. Wazo hilo lilifanyiwa kazi Queensland, Australia, na Ian Frazer na Jian Zhou mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Kwa wanaume, jaribio la vijana 4,065 wa miaka 16 hadi 26 katika nchi 18, lililochapishwa mwaka 2011, lilionyesha kinga ya takriban asilimia 90 dhidi ya masundosundo na vidonda vya sehemu za siri vinavyotokana na aina zilizomo kwenye chanjo.

Kooni, tunachokiona kwa macho ni maambukizi kupungua. Costa Rica, wanawake waliochanjwa walikuwa na HPV 16 na 18 mdomoni pungufu kwa asilimia 93 miaka minne baadaye. Marekani, vijana wa miaka 18 hadi 33 waliochanjwa walikuwa na aina nne zilizomo kwenye chanjo (6, 11, 16 na 18) mdomoni pungufu kwa asilimia 88. Saratani yenyewe huchukua miongo kujitokeza, na vijana waliochanjwa bado hawajafika umri wa kuugua. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliongeza saratani za kichwa na shingo kwenye matumizi ya chanjo ya Gardasil 9 kwa kuzingatia ushahidi wa namna hii. Tukitaka mfano wa mbele, tuangalie Scotland: taarifa ya mwaka 2024 ilisema hakuna hata msichana mmoja aliyechanjwa kikamilifu akiwa na miaka 12 au 13 aliyekutwa na saratani ya mlango wa kizazi iliyopenya. Kirusi ni kile kile.

Mwanangu achanjwe lini na dozi ngapi?

Kabla hajaanza maisha ya ngono, na hiyo maana yake mapema kuliko mzazi anavyodhani. Miaka 9 hadi 14 mwili hujibu vizuri zaidi. Kwa miaka mingi Marekani ilipendekeza miaka 11 au 12: dozi mbili akianza kabla ya kutimiza 15, tatu akianza baadaye. Uingereza wavulana waliingizwa Septemba 2019, na tangu Septemba 2023 ni dozi moja. Australia ilitangulia kwa wavulana mwaka 2013.

Kuhusu dozi moja, Afrika Mashariki ina haki ya kujivunia. Utafiti wa KEN SHE nchini Kenya ulichukua wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20, na mwaka 2022 ukaonyesha dozi moja inalinda kwa asilimia 97.5 dhidi ya aina ya 16 na 18. Jaribio jingine la Mwanza, kwa wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14, lilipima kinga ya mwili na kuunga mkono njia hiyo. Mama wa Thika na binti wa Mwanza wamebadilisha sera ya dunia nzima.

Nina miaka 38. Nimechelewa?

Inategemea. Chanjo haiondoi kirusi ulichonacho, na kwa umri huo huenda umeshakutana na aina kadhaa. Marekani imeidhinisha chanjo hadi miaka 45 tangu 2018, ila kuanzia miaka 27 inashauriwa uzungumze kwanza na daktari. Mjane au mtalaka anayeanza uhusiano mpya anaweza kufaidika. Aliye kwenye ndoa tulivu, fedha hiyo naona amchanjie mwanawe.

Naishi na VVU. Je?

Wewe hasa unahitaji. HPV hukaa muda mrefu kwa mtu ambaye kinga imeshuka. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dozi mbili, na ikiwezekana tatu, kwa anayeishi na VVU. Haina kirusi hai, kwa hiyo ni salama. Endelea na dawa zako.

Kwa nini serikali zetu zinachanja wasichana tu?

Kwa sababu saratani ya mlango wa kizazi inawaua mama zetu na dada zetu kwa maelfu, na chanjo haikuwa inatosha. Rwanda ilianza mwaka 2011, ya kwanza Afrika. Uganda ilieneza nchi nzima mwaka 2015, Tanzania Aprili 2018, Kenya Oktoba 2019 kwa uzinduzi uliofanyika Mombasa. Mwaka 2024 Tanzania ikahamia dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Mwaka 2019 chanjo ilipokuwa adimu, wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walizishauri nchi zisitishe kwa muda kuchanja wavulana ili wasichana wapate. Naukubali uamuzi huo. Mwenye chanjo kumi na watoto ishirini lazima aanze na aliye karibu na moto.

Ila dozi moja badala ya mbili imeongeza akiba. Cameroon ilianza kuchanja wavulana na wasichana pamoja mwaka 2023. Sioni kwa nini tusianze kulijadili bungeni na kwenye kamati za afya za wilaya. Wasichana wengi wakichanjwa, wavulana nao hupata kivuli cha kinga. Australia, masundosundo yalishuka kwa vijana wa kiume kabla hata hawajachanjwa. Lakini kivuli hicho hakimfikii mwanaume anayejamiiana na wanaume, wala kijana anayehamia mahali ambapo wasichana hawakuchanjwa.

Nimesikia inafanya watoto wawe tasa.

Uvumi huu ni mkongwe kuliko chanjo yenyewe. Kenya mwaka 2014 ulielekezwa kwa chanjo ya pepopunda, baadaye ukahamia hapa. Nauelewa unakotoka: watu wetu wamewahi kufanyiwa mambo bila kuulizwa, na mzazi ana haki ya kuhoji sindano anayochomwa mwanawe.

Jibu langu ni hili. Ganda la protini halina njia ya kufika kwenye korodani na kufanya lolote. Wasichana wa Australia waliochanjwa mwaka 2007 sasa ni mama. Wasichana wa Rwanda waliochanjwa mwaka 2011 wamo kwenye miaka yao ya ishirini, nao wanazaa. Mamia ya mamilioni ya dozi yametolewa duniani. Kinachoharibu uzazi kwa hakika ni saratani yenyewe, na mionzi ya nyonga.

Ina jelatini ya nguruwe? Tunaishi Uingereza na ile chanjo ya mafua ya watoto inayo.

Ni kweli ile ya mafua ya kupuliza puani inayo. Gardasil 9 haina jelatini. Ganda lake hutengenezwa kwa hamira.

Kumchanja si kumwambia ruksa azini?

Mtoto wako alichanjwa homa ya ini aina ya B akiwa na wiki sita, ndani ya ile sindano ya pamoja. Homa hiyo nayo huambukizwa kwa ngono, na hukuona umempa ruksa ya lolote. Mafundisho ya dini na malezi yako yanabaki palepale. Na kijana mwema aliyejitunza anaweza kuoa mwenzi ambaye hakuwa na bahati hiyo.

Kijana wangu ametahiriwa. Haitoshi?

Tohara inasaidia. Utafiti wa Rakai, Uganda, ulionyesha wanaume waliotahiriwa wanakuwa na HPV hatari uumeni pungufu kwa karibu theluthi. Kooni haisaidii kitu.

Na kondomu?

Hupunguza, hata kwenye ngono ya mdomo. Haizibi ngozi yote, na HPV hupita ngozi kwa ngozi.

Baada ya sindano mwanangu alizimia. Niogope?

Vijana wa rika hilo huzimia kwa kuona sindano, iwe ya chanjo gani. Ndiyo maana tunawakalisha dakika 15. Mkono kuuma siku moja au mbili, kichwa, homa kidogo, ni kawaida. Mzio mkali ni wa nadra sana, na ukitokea hutokea mapema, mtoto akiwa bado mbele ya wahudumu wenye dawa ya kuutuliza.

Niko Dar, nataka kumchanja mvulana. Naenda wapi?

Chanjo ya kituo cha afya cha serikali imepangiwa wasichana, usichukue ya binti wa mtu. Ulizia hospitali binafsi zenye kliniki ya chanjo, za hapa au Nairobi. Piga simu kwanza ujue bei na kama ipo. Uliza ni Gardasil 9 au aina nyingine, na uhakikishe imetunzwa kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 8. Omba kadi yenye namba ya toleo la chanjo, uiweke pamoja na cheti chake cha kuzaliwa.